Betri ya akiba ilikuwa imejaa chaji, pampu ni nzima, na bado nimekuta maji besimenti: ni nini kilichoshindwa?

#1 Bondeni

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kufikiri, kwa sababu nimelizunguka jambo hili kwa siku mbili na kila ninapodhani nimepata jibu, jambo jingine linalipinga.

Nyumba yangu ina chumba kilicho ndani ya ardhi, yaani besimenti, chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Katika kona moja kuna shimo la kukusanyia maji lenye kipenyo cha sentimita 45, na ndani yake imo pampu ya kuzama ya theluthi moja ya nguvu farasi, ambayo hujiwasha yenyewe boya linapoinuliwa na maji. Kwa kuwa umeme hukatika wakati ule ule mvua inapokuwa kubwa, miaka minne iliyopita niliweka betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, pamoja na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya wati 1,000 yenye chaja ndani yake, inayochukua kazi bila mtu kuigusa umeme unapopotea.

Usiku wa kuamkia juzi mvua ilinyesha kwa nguvu na umeme ukakatika saa nane. Niliposhuka saa moja asubuhi nilikuta maji ya sentimita 12 sakafu nzima, na inveta, ambayo iko juu ya rafu, ikiwa imewasha taa nyekundu huku ikilia. Umeme uliporudi, pampu ilianza kazi papo hapo na ikakausha chumba kwa muda usiofika saa moja. Jana nilipima betri nikapata volti 12.7, kiwango cha betri iliyojaa. Pampu ni nzima na betri imejaa, sasa hitilafu iko wapi?

#2 Fundi Koleo

Pole sana, ndugu Bondeni. Katika mashimo ambayo nimeitwa kuyatengeneza, chanzo nilichokutana nacho mara nyingi zaidi ni boya. Pampu inapoanza hutikisika, na isipokaa juu ya kitu imara husogea kidogo kidogo mpaka boya likaegemea ukuta wa shimo au likajifunga kwenye waya wake lenyewe. Likishakwama, pampu hukaa kimya hata shimo likijaa pomoni. Usiseme kwamba boya ni zima kwa sababu asubuhi pampu ilianza, kwani maji yanapofika sentimita 12 juu ya sakafu husukuma boya kwa nguvu ambayo halikuipata maji yalipokuwa ndani ya shimo.

Angalia pia kama bomba la kutolea maji lina tundu dogo la milimita 3 hadi 5 kati ya pampu na vali ya kuzuia maji kurudi. Bila tundu hilo hewa inaweza kunaswa chini ya vali, na pampu ikazunguka bila kusukuma chochote.

#3 Waya Mwekundu

Kwa heshima zote kwa Fundi Koleo, boya lililokwama haliwashi taa nyekundu ya inveta. Pampu isiyozunguka haitumii umeme, na inveta isiyobebeshwa mzigo haina sababu ya kulia.

Mota ya pampu kama hiyo hutumia wati 600 hivi ikishachanganya, lakini katika sekunde ile ya kwanza hudai mara tatu au zaidi ya kiwango hicho. Inveta ya wati 1,000 yaweza kuandikwa kwamba huvumilia wati 2,000, ila uvumilivu huo ni wa kufumba na kufumbua tu. Mota ikichelewa kushika kasi, kwa sababu ya mchanga au kwa sababu volti imeshuka, inveta hujilinda kwa kujizima. Nyingi hujaribu tena mara chache, kisha hubaki zikilia hadi mtu aje.

Kuhusu zile volti 12.7, hazithibitishi kitu. Ulipima baada ya umeme kurudi na kuichaji betri upya, tena ikiwa haina mzigo wowote. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika, na huanguka mara tu inapopewa kazi.

#4 Bi Mtulivu

Samahani kwa kukatiza. Ndugu Bondeni, uliingia kwenye maji hayo kabla ya kukata umeme? Maji yanapofikia soketi, waya wa kurefushia au kifaa chochote kilichochomekwa, anayeingia anaweza kupigwa na umeme bila kuona dalili yoyote, na kuzima kwa umeme wa mtaa si kinga, kwa sababu inveta inaweza kuwa bado inatoa umeme. Kama breka kuu imo ndani ya besimenti penye maji, usiifuate, bali uite mtu wa kukata umeme kutoka nje. Mafundi wataendelea na hesabu zao, lakini naomba kila anayesoma hapa alishike hili kwanza.

#5 Bondeni

Asanteni. Bi Mtulivu, breka kuu iko ghorofa ya juu, niliizima kabla ya kushuka, na swichi ya inveta niliizima nikiwa nimesimama kwenye ngazi juu ya maji. Umenikumbusha kwamba waya wa kurefushia ulio kati ya inveta na pampu ulikuwa umelala sakafuni, na kichwa chake kililowa kabisa.

Waya Mwekundu, kijitabu cha inveta kinasema taa nyekundu na mlio usiokatika ni dalili ya mojawapo kati ya mambo mawili, yaani mzigo kuzidi au volti ya betri kushuka chini ya 10.5. Taa ni ile ile kwa yote mawili, kwa hiyo haitusaidii kuchagua.

Fundi Koleo, boya nimelikuta huru na tundu la hewa lipo. Sijui lilikuwaje usiku ule.

#6 Mwalimu Kipimo

Naomba tuweke tarakimu mezani, kwa sababu tatizo hili linahesabika.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200. Betri ya risasi haifai kumalizwa, hivyo tuchukue nusu, yaani 600, na tukiondoa kinachopotea ndani ya inveta tunabaki na 510 hivi. Pampu ya wati 600 ingeendeshwa bila kupumzika kwa takriban dakika 50. Tukikadiria kwamba hutoa lita 130 kwa dakika inapoinua maji mita 3, hizo ni zaidi ya lita 6,000.

Sasa tutazame chumba. Sakafu ya mita za mraba 30 yenye maji ya sentimita 12 imebeba lita 3,600. Umeme ulikosekana kwa saa tano, yaani dakika 300, kwa hiyo maji yaliingia kwa wastani wa lita 12 kwa dakika. Pampu yenye uwezo wa lita 130 ingehitaji kufanya kazi chini ya sehemu moja ya kumi ya muda, na betri nzima ingelala hadi asubuhi ikiwa bado na akiba. Kwa hiyo pampu haikuzidiwa na wingi wa maji. Pampu haikufanya kazi, au ilifanya kazi kwa muda mfupi ikaacha.

#7 Waya Mwekundu

Hesabu ni safi, Mwalimu, ila ina marekebisho moja. Uwezo wa ampea-saa 100 hupimwa betri ikitolewa umeme polepole, kwa kawaida kwa saa 20, yaani ampea 5 tu. Pampu hii kupitia inveta huvuta ampea 59 hivi. Mjerumani Peukert alieleza tangu mwaka 1897 kwamba betri ya risasi ikivutwa kwa kasi hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Kwa mvuto huo betri mpya hukauka kabisa katika muda unaokaribia saa moja, badala ya saa moja na dakika arobaini ambazo kugawanya kwa kawaida kungetupa. Nusu yake ni kama nusu saa, wala si dakika 50.

#8 Mwalimu Kipimo

Napokea marekebisho, nami naongeza jingine. Kanuni hiyo inahusu mvuto usiokatizwa. Pampu ya shimo huvuta kwa sekunde kadhaa kisha hupumzika, na betri ya risasi hupata nafuu katika mapumziko hayo. Ukweli uko kati ya dakika zako na zangu, na kwa vyovyote vile betri nzima ingetosha kwa lita 3,600.

#9 Udongo Mfinyanzi

Mnabishana kuhusu pampu kana kwamba ni hakika kuwa maji yalipitia shimoni. Maji huingia chini ya ardhi kwa njia zaidi ya moja. Kuna maji ya ardhini yanayopanda na kusukuma sakafu kutoka chini, na hayo ndiyo shimo limechimbiwa. Kuna yanayopenya kwenye kiungo cha ukuta na sakafu. Kuna yanayoshuka kwa ngazi au dirishani, na kuna yanayorudi kupitia bomba la maji machafu, ambayo utayatambua kwa harufu.

Ndugu Bondeni, tueleze kama maji yalikuwa na rangi au harufu, mabomba ya kushusha maji ya paa yanaishia wapi, na ukutani kuna unga mweupe wa chumvi au la. Kumbuka kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 50 limekusanya lita 6,000, na zote hizo zinatoka kwenye mdomo wa mabomba machache.

#10 Nahodha Mstaafu

Nimeishi na pampu za kutoa maji kwenye mashua kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kuachana na inveta. Weka pampu ya pili ya volti 12 inayokula betri moja kwa moja, uifunge juu kidogo ya ile kubwa, na boya lake liinuke pale tu la kwanza linaposhindwa. Hakuna mota ya kuidai inveta mara tatu, na hakuna inveta ya kujizima. Mashua haina umeme wa ukutani, na mashua haisubiri.

#11 Fundi Koleo

Nahodha, ushauri ni mzuri, lakini wanaonunua pampu za mashua wajue kwamba kiwango kilichoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa bila kuinua maji hata kidogo. Kwenye mashua maji huinuliwa kimo kifupi tu. Hapa ni mita 3, na pampu iliyoandikwa lita 60 kwa dakika inaweza kutoa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, au isifikishe tone juu. Atafute ile iliyotengenezwa kwa ajili ya shimo, asome jedwali la kimo, na aipe bomba lake yenyewe au vali yake yenyewe ya kuzuia kurudi, la sivyo pampu moja itarudishia maji kwenye nyingine.

#12 Bondeni

Nimefanya mlichoniagiza. Nimezima pampu na kupima maji yanavyopanda shimoni, nikapata sentimita 2.5 kwa dakika. Maji ya usiku ule yalikuwa ya kahawia, hayakuwa na harufu. Unga mweupe upo kwenye ukuta mmoja, kimo cha goti.

Udongo Mfinyanzi, bomba moja la paa linaishia mita moja kutoka kwenye ngazi za nje zinazoshuka besimenti, na jana niliona mstari wa tope kwenye ngazi tatu za mwisho. Sikuwa nimeutilia maanani. Mbele ya mlango wa chini kuna mfereji mdogo wenye wavu, na majani yalikuwa yameuziba nusu.

#13 Mwalimu Kipimo

Basi tarakimu zinaelekea kwa Udongo Mfinyanzi. Katika shimo la kipenyo cha sentimita 45, kila sentimita moja ya kimo ni lita 1.6 hivi. Sentimita 2.5 kwa dakika ni lita 4. Kwa dakika 300 ni lita 1,200, yaani sentimita 4 za sakafu yako. Ulikuta 12. Lita 2,400 zilizobaki lazima ziwe na mlango mwingine, na mstari wa tope unatuonyesha mlango huo.

#14 Fundi Koleo

Hapana, Mwalimu, hapa nakupinga. Umepima mto wakati wa kiangazi kisha ukasema mafuriko hayakutoka mtoni. Vipimo vya ndugu Bondeni ni vya siku mbili baada ya mvua. Usiku ule udongo ulikuwa umeshiba, na shimo lililopokea lita 4 leo lingeweza kupokea 12 au 20 wakati ule bila kushangaza mtu yeyote aliyewahi kukaa kando ya shimo usiku wa mvua. Na hata tukikubali kwamba maji yote yalishuka kwa ngazi, yakifika sakafuni huelekea shimoni, kwa sababu ndipo palipo chini. Pampu ilipaswa kuyatoa. Swali la kwa nini pampu ilinyamaza liko pale pale.

#15 Mpangaji Mpya

Kwa maoni yangu betri ni kujitesa. Mimi nina jenereta ndogo, na tangu niinunue sijawahi kuhesabu dakika wala ampea. Mafuta yakiwepo, pampu inazunguka siku nzima.

#16 Bi Mtulivu

Nani ataiwasha saa nane usiku, Mpangaji, hali mwenye nyumba amelala? Ndugu yetu alilala kwa kuwa aliamini kuna kitu kinachojiwasha. Na kwa kuwa jenereta imetajwa, naomba isemwe bila kupunguza neno: haiwekwi ndani ya besimenti, wala kwenye gereji, wala chini ya dirisha, hata mlango ukiwa wazi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Iwekwe nje, umbali wa mita 6 au zaidi, moshi ukielekea mbali na nyumba, na king'ora cha gesi hiyo kiwe ndani.

#17 Waya Mwekundu

Nakazia maneno ya Bi Mtulivu, na naongeza kwamba jenereta haichomekwi kwenye soketi ya ukutani ili kulisha nyumba nzima. Umeme hurudi hadi kwenye nyaya za mtaa na unaweza kumuua fundi anayezitengeneza akidhani zimekufa. Ama uiunganishe pampu moja kwa moja kwa waya imara wa kurefushia, ama uwekewe swichi ya kubadilishia inayotenga nyumba na mtaa.

Hata hivyo Mpangaji ana hoja kwa umeme unaokosekana kwa siku mbili au tatu. Hapo betri hununua saa za kwanza tu, na jenereta hubeba zilizobaki.

#18 Msoma Historia

Nimefuatilia kwa makini, na jambo la waya uliolala sakafuni limenigusa. Hospitali ya Bellevue jijini New York ilihamisha wagonjwa wakati wa kimbunga Sandy mwaka 2012 kwa sababu jenereta zake zilikuwa besimenti na zikafunikwa na maji. Katika kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, tsunami iliingia mahali zilipokuwa jenereta nyingi za dharura, chini ya majengo, na vinu vikakosa umeme wa kupozea. Umeme wa akiba ukiwekwa mahali pale pale unapopalinda, huzama pamoja napo.

#19 Kisima Kirefu

Msoma Historia, Fukushima umeeleza sawa, ila Bellevue umekosea kidogo, na kosa lenyewe lina faida. Jenereta zao zilikuwa ghorofa ya 13, zikiwa kavu. Kilichozama ni pampu za mafuta zilizokuwa besimenti, na kwa muda watu walilazimika kupandisha mafuta kwa mikono kupitia ngazi. Walikuwa wameinua mashine wakaacha kiungo kimoja chini. Ndugu Bondeni ana inveta rafuni na waya sakafuni, na hiyo ni hali ile ile.

Kwa wale wenye maji ya bomba yenye msukumo mzuri, ipo pia pampu isiyotumia umeme kabisa, ambayo hutumia kasi ya maji ya bomba kufyonza maji ya shimo. Kwa makadirio, lita moja ya bomba hutoa lita mbili za shimo. Lazima iwe na kizuizi cha kurudi ili uchafu usiingie kwenye maji ya kunywa.

#20 Fundi Koleo

Ni kweli kabisa, na haimfai mwenye kisima kinachovutwa kwa umeme, kwa sababu umeme ukikatika maji ya kuiendesha nayo hukatika. Kisima Kirefu, kwa jina lako hilo, nadhani unalijua hilo kuliko sisi.

Kuhusu waya uliolowa, tusichanganye tokeo na chanzo. Maji yalipofika kwenye kichwa cha waya yalikuwa tayari yameshafurika shimo. Huenda waya ulizima kilichobaki, lakini haukuanzisha tatizo.

#21 Jirani Mwema

Nilisoma kwamba besimenti iliyojaa maji isikaushwe kwa mkupuo mmoja, na kwamba FEMA, shirika la Marekani la kushughulikia maafa, hushauri kutoa theluthi moja kwa siku. Je, ndugu Bondeni hakuhatarisha kuta kwa kukausha chini ya saa moja?

#22 Udongo Mfinyanzi

Ushauri huo ni wa kweli na ni wa maana pale maji yanapojaa kwa kina kikubwa, huku udongo wa nje ukiwa umeshiba na kusukuma kuta, kwa sababu maji ya ndani ndiyo yanayousawazisha msukumo huo. Kwa sentimita 12 maji hayashikilii ukuta. Hapa haraka ndiyo salama, kwani kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye mbao na makaratasi yaliyolowa.

#23 Waya Mwekundu

Ndugu Bondeni, tusibaki kukisia. Nina maswali mawili. Kwanza, nyaya kutoka betri hadi inveta zina urefu gani na unene gani? Pili, unaweza kuzima umeme mchana, ujaze shimo kwa ndoo, uache pampu ifanye kazi kwa betri, na upime volti ikiwa inazunguka? Pima mahali pawili, kwenye vichwa vya betri na kwenye vituo vya inveta.

#24 Bondeni

Nyaya zina urefu wa mita 3 kila mmoja na unene wa milimita za mraba 10, kwa sababu niliiweka betri mbali na mlango, karibu na dirisha la hewa. Fundi aliyenifungia alisema inatosha.

Jaribio nimelifanya. Pampu ilianza mara tano kati ya tano bila inveta kulalamika. Kisha niliiacha ikizunguka huku mwanangu akimimina maji, na baada ya dakika 6 vipimo vilikuwa volti 11.3 kwenye betri na 10.7 kwenye inveta. Dakika ya 9 inveta ilizima, ikawasha taa nyekundu na kulia, sawa kabisa na asubuhi ile.

#25 Waya Mwekundu

Sasa tunaona kitu. Mita 6 za waya wa shaba wa unene huo, kwenda na kurudi, zinakula kiasi cha volti 0.6 kwa ampea 59, na ndiyo tofauti uliyoipima. Pampu inapoanza na kudai ampea 150, zinakula volti 1.5 na zaidi. Betri ikiwa imeshuka hadi 12, inveta inaona 10.5 na kujizima, ingawa betri bado ina kitu. Fupisha nyaya ziwe chini ya mita moja, au ziwe nene mara tatu au nne. Hilo lirekebishwe kabla ya kununua kitu kingine.

#26 Mwalimu Kipimo

Waya una lawama, lakini si lawama yote ni yake. Betri yenye afya isingeshuka kutoka 12.7 hadi 11.3 kwa dakika 6. Kwa dakika 9 pampu imetoa lita zisizozidi 1,200. Hii ni betri ya miaka minne iliyobakiwa na sehemu ya uwezo wake. Ukifupisha waya utaongeza dakika chache tu juu ya 9.

#27 Nahodha Mstaafu

Na ukibadilisha betri, ndugu, chukua ya lithiamu ya fosfeti ya chuma kama uwezo unaruhusu, kwa sababu utatumia sehemu kubwa ya kilichoandikwa badala ya nusu, na volti yake haishuki mapema. Hakikisha tu kwamba chaja ya inveta yako inaikubali. Ukibaki na risasi, chumba kiwe na hewa, kwani inapochajiwa hutoa hidrojeni. Na kila baada ya miezi mitatu urudie jaribio lile la ndoo.

#28 Udongo Mfinyanzi

Lita 1,200 za Mwalimu zinaniongezea shaka badala ya kuipunguza. Kama betri ilitoa hizo kabla ya kuzimika, basi maji yote yaliyoingia usiku ule ni lita 4,800, na shimo la lita 4 kwa dakika haliwezi kuwa chanzo peke yake. Rudi kwenye ngazi. Mwaga maji pale bomba la paa linapoishia, uangalie yanakokwenda.

#29 Bondeni

Nimemwaga ndoo tano za lita 20. Sehemu kubwa imefuata mstari wa tope hadi mlangoni. Kwa kuwa sasa nimesafisha majani, yote yameingia kwenye ule mfereji wenye wavu na hakuna hata tone lililovuka kizingiti.

#30 Fundi Koleo

Mfereji huo unaishia wapi?

#31 Bondeni

Michoro ya nyumba haionyeshi. Nilidhani unatoka nje.

#32 Fundi Koleo

Chini ya ngazi ya besimenti hakuna nje ya kutokea, isipokuwa kiwanja kiwe na mteremko. Mara nyingi mfereji kama huo umeunganishwa na shimo la pampu. Kama ndivyo, maji ya paa yamekuwa yakiingia shimoni kila mvua inaponyesha, na kipimo chako cha lita 4 siku ya ukavu hakikuyahesabu hata kidogo.

#33 Udongo Mfinyanzi

Na kama haujaunganishwa, basi umeziba mahali fulani na ulifurika juu ya kizingiti usiku ule, jambo linalonirudisha nilikoanzia. Ndugu Bondeni, tia rangi ya chakula kwenye ndoo, umwage kwenye wavu, na mtu mwingine asimame shimoni na tochi.

#34 Bondeni

Nitafanya hivyo kesho mchana nikiwa na mwanangu. Leo nimekwisha kuinua kichwa cha waya hadi kwenye rafu na kusogeza inveta karibu na betri, nyaya zimebaki sentimita 70. Bomba la paa nimelirefusha kwa mita 3 kuelekea upande wa chini wa kiwanja. Betri bado sijainunua.